Umeletewa Barua Kwamba Dawa Unayouza Ina Hataza ya Mtu: Fuata Hatua Hizi

Swali hili huwa linaingia jioni, likiwa na picha ya barua iliyopigwa kwa simu: "Ndugu, nimeletewa hii na mawakili. Wanasema dawa ninayoagiza India ni mali ya mteja wao. Nifunge stoo? Nitashtakiwa?" Leo ni mwagizaji wa Nairobi, kesho ni mwenye duka la jumla Kariakoo, keshokutwa msambazaji wa Kampala. Nimechoka kujibu kwa vipande, kwa hiyo nimeandika yote hapa mara moja.

Kwanza tulia. Barua si hukumu, na wakili aliyeiandika si hakimu. Lakini usiitupe pia.

Nadharia nitakayokupa ni hii tu: hataza ni haki ambayo nchi humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kuuza, kutumia au kuingiza nchini uvumbuzi wake bila ridhaa yake, kwa muda maalumu. Hilo neno "kuingiza nchini" ndilo linalowashtua wengi. "Mimi sikutengeneza, nimenunua tu" si utetezi. Mwagizaji anaweza kushtakiwa hata kama hajawahi kuona kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Barua yenyewe pamoja na bahasha, na tarehe na saa uliyoipokea. Iandike juu ya nakala, si juu ya barua halisi.
- Cheti cha usajili wa dawa kutoka Bodi ya Famasia na Sumu (Kenya), TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba (Tanzania Bara), au mamlaka ya nchi yako.
- Ankara, hati za shehena, hati za forodha, na orodha ya namba za bechi ulizouza na zilizobaki.
- Mkataba wako na kiwanda au msambazaji. Kama hamkuandikiana mkataba, kusanya barua pepe zote za kuagiza.
- Boksi moja la dawa lenye karatasi ya maelezo ndani. Usilifungue.
- Namba ya wakili anayejua mali ya ubunifu. Wakili wako wa kesi za ardhi anaweza kuwa hodari sana, ila hapa mtafute mwenye kazi hii. Mwongozo huu utakusaidia kumpelekea faili lililopangwa, na hivyo kumlipa saa chache zaidi. Haumwondoi yeye.

Hatua ya 1: Usimwambie chochote upande wa pili kwa siku mbili

Usimpigie simu wakili wa upande wa pili "kuelewana". Usimwandikie WhatsApp kwamba hukujua. Sentensi kama "samahani, tutaacha kuuza" huja kusomwa mahakamani kama kukiri. Usichome wala kufuta nyaraka, na usihamishe mzigo usiku kwenda stoo ya shemeji. Nyaraka zikipotea baada ya barua kufika, huaminiki tena hata pale unaposema kweli.

Onyo kubwa: barua nyingi za aina hii huja na hati ya ahadi ya kusaini, ukurasa mmoja tu, wenye maneno ya upole. Ukiisaini umekubali kwamba hataza ipo, ni halali, na umeivunja. Watu wamesaini karatasi hiyo kwa hataza ambayo haikuwahi hata kusajiliwa katika nchi yao.

Hatua ya 2: Jua unalalamikiwa kwa lipi

Soma barua ukiwa na kalamu. Malalamiko ya dawa huwa ya aina tatu, na waandishi wa barua wakati mwingine huyachanganya kwa makusudi.

Hataza inahusu uvumbuzi: kiambato hai chenyewe (kile kinachotibu), chumvi yake (umbo la kikemia ambalo kiambato hicho huwekwa), jinsi ya kukitengeneza, au mchanganyiko wa kidonge. Alama ya biashara inahusu jina na sura ya boksi. Bandia ni dawa inayodanganya kuhusu asili yake. Dawa ya jeneriki (yenye kiambato kilekile ila imetengenezwa na kiwanda kingine) iliyosajiliwa, yenye jina lake na jina la kiwanda chake, si bandia. Jambo hili lilishafika mahakamani Nairobi: mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, aliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, kwa jinsi vilivyoweza kugusa dawa za jeneriki, vilitishia haki yao ya kuishi, utu na afya. Barua ikikuita muuza bandia ilhali ugomvi ni wa hataza, mwoneshe wakili wako mstari huo.

Na hapa kuna kosa la upande wetu: cheti cha bodi ya dawa si kinga dhidi ya hataza. Bodi inaangalia usalama, ubora na kama dawa inafanya kazi. Mwenye hataza ni habari ya ofisi nyingine.

Hatua ya 3: Isome namba ya hataza kabla ya kitu kingine

Kama barua haina namba, jibu lako la kwanza ni kuiomba. Kama inayo, angalia herufi mbili za mwanzo:

- US: hataza ya Marekani. Inatawala Marekani tu.
- EP: ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Haina nguvu Mombasa wala Dar es Salaam.
- WO: ni ombi la kimataifa tu. Hakuna hataza ya dunia nzima, mtu asikutishe nayo.
- KE: imepitia KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, Nairobi.
- TZ: ya Tanzania Bara, chini ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA.
- AP: imetolewa na ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu la Afrika, Harare. Hii ndiyo ya kuogopa kwa adabu, kwa sababu hataza moja ya ARIPO inaweza kufanya kazi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa pamoja, ikiwa nchi hizo zilitajwa.

Herufi za mwisho wa namba nazo zina maana, kwani hutofautisha ombi na hataza iliyokwisha kutolewa. Usibahatishe: kila ofisi ina mtindo wake. Uliza.

Je, hataza ya nje haiwezi kukugusa kabisa? Inaweza, mzigo ukipita huko. Desemba 2008 shehena ya losartan, dawa ya presha, ilikuwa ikisafiri kutoka India kwenda Brazili. Ilipotua Uholanzi, forodha waliizuia kwa sababu ya hataza ya huko, ingawa haikuwa inauzwa Uholanzi, na mwishowe ikarudishwa India. Tangu hapo waagizaji makini huuliza ndege inapitia wapi kabla ya kulipia.

Hatua ya 4: Chunguza kama hataza iko hai

Hapa ndipo kesi nyingi hupungua makali. Anza bure mtandaoni. Espacenet, hifadhidata ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, inaonesha hataza za nchi nyingi. MedsPaL, ya Medicines Patent Pool (shirika linalopatia viwanda leseni za kutengeneza dawa zenye hataza), inaonesha dawa kwa nchi: unaandika jina la kiambato, unachagua Kenya au Tanzania, unaona hali ya hataza na leseni. Kisha, na hili usiliruke, nenda kwenye rejista rasmi ya KIPI, BRELA au ARIPO na uombe nakala iliyothibitishwa. Picha ya skrini haitoshi mbele ya hakimu.

Kwenye rejista tafuta majibu haya:

1. Nani mmiliki leo? Kampuni za dawa hununuana. Aliyeandika barua anaweza kuwa hajasajili uhamisho.
2. Kama ni AP, nchi yako ilitajwa? Na je, ofisi ya nchi yako iliikataa? Mkataba wa Harare, ambao ndio ARIPO hutolea hataza, unaipa nchi miezi sita kuiarifu ARIPO kwamba hataza haitakuwa na nguvu kwake.
3. Ada ya kila mwaka imelipwa? Isipolipwa, hataza inaweza kuanguka. Angalia pia kama ilirejeshwa baadaye.
4. Inaisha lini?

Swali la nne ndilo wengi hulikosea. Kwa Kenya na ARIPO muda ni miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, si tangu hataza ilipotolewa. Ombi lililowasilishwa 14 Machi 2004 na kukubaliwa 2009 linaisha Machi 2024, si 2029. Tofauti hiyo ya miaka mitano ni biashara nzima.

Ila usishangilie mapema. Dawa moja huweza kuwa na hataza nyingi zilizopangwa kama vyungu: ya kiambato, ya chumvi, ya kidonge, ya matumizi. Mfano ni bedaquiline ya kifua kikuu sugu. Hataza ya kiambato chenyewe ilifika ukingoni Julai 2023 huko India, lakini zilikuwepo nyingine za chumvi yake katika nchi mbalimbali, na ni baada ya kelele nyingi ndipo Johnson & Johnson wakatangaza, Septemba mwaka huo, kwamba hawatazitumia kuzuia jeneriki katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo usitafute namba iliyo kwenye barua tu. Tafuta jina la kiambato.

Hatua ya 5: Linganisha madai na dawa yako, neno kwa neno

Mwishoni mwa hati ya hataza kuna sehemu ya madai, yenye namba. Hiyo ndiyo mipaka ya shamba. Maelezo marefu ya mwanzo, michoro na sifa zote ni mapambo, yanasaidia kuyatafsiri madai tu.

Chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza andika kila kipengele cha dai la 1. Ya pili, dawa yako ina nini. Ya tatu, ushahidi. Tuseme dai linasema: kidonge chenye (a) kiambato fulani katika chumvi ya fumarate, (b) kifungashi cha selulosi, (c) ganda lisiloyeyuka tumboni. Ukikuta dawa yako inatumia chumvi nyingine, au haina ganda hilo, kwa kawaida uko nje ya dai hilo, maana kuvunja dai ni kuwa na vipengele vyote. Nasema "kwa kawaida" kwa sababu mwenye hataza anaweza kudai kwamba tofauti yako ni ya jina tu. Mwachie mtaalamu wa dawa aliseme hilo, usilidhanie wewe.

Dai likiwa la njia ya kutengeneza, sikiliza vizuri: kama dawa ni mpya, sheria inaweza kukutupia wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba kiwanda chako kilitumia njia nyingine. Kanuni hiyo imo katika TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya ubunifu, kifungu cha 34. Mwandikie mtengenezaji siku hiyo hiyo akupe maelezo ya njia yake na cheti cha uchambuzi wa maabara. Akisita kwa sababu ni siri ya kiwanda, aipeleke moja kwa moja kwa wakili wako kwa makubaliano ya kutunza siri.

Hatua ya 6: Tafuta mlango wako

Kama hataza iko hai na dawa yako imo ndani ya madai, bado kuna milango. Jaribu huu mpaka ule.

*Leseni ambayo hukujua unayo.* Viwanda vingi vya India hutengeneza dawa za UKIMWI na homa ya ini C kwa leseni za Medicines Patent Pool. Muulize msambazaji: una leseni? Nchi yangu imo kwenye orodha yake? Yote mawili lazima yawe "ndiyo", kwa maandishi.

*Dawa ya mwenye hataza mwenyewe iliyouzwa kwingine.* Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001, kifungu cha 58(2), inaruhusu kuingiza bidhaa ambayo tayari iliwekwa sokoni kihalali nchi nyingine. Mlango huu ni mwembamba kuliko watu wanavyoudhania. Kampuni ya dawa ya Cosmos ya Nairobi iliutegemea iliposhtakiwa na Pfizer, mwenye hataza, kuhusu azithromycin, dawa ya kuua bakteria, na mwaka 2008 Baraza la Mali ya Viwandani liliipa Pfizer ushindi: aliyetaka kuitengeneza alipaswa kuomba ruhusa kwanza. Cosmos hiyo hiyo ilikuwa imepata leseni ya hiari kwa GlaxoSmithKline miaka minne kabla, kwa dawa za ARV (za kupunguza makali ya UKIMWI). Kuomba kabla na kujitetea baada ni mambo mawili tofauti kabisa.

*Ruhusa ya serikali.* Kifungu cha 80 cha sheria hiyo ya Kenya kinampa waziri uwezo wa kuruhusu uvumbuzi utumike kwa maslahi ya umma, afya ikiwemo. Ukiwa unaihudumia zabuni ya umma, mlango huu uutaje mapema.

*Nchi zenye maendeleo duni.* Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi hizi hadi 1 Januari 2033 bila kulazimika kulinda hataza za dawa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Kenya haimo, na kila mwezi kuna anayekosea hapo. Kosa la pili ni kudhani nafuu hiyo inajitekeleza yenyewe. Ni ruhusa kwa serikali, kwa hiyo lazima sheria ya nchi iiandike. Uganda iliiandika katika sheria yake ya 2014. Kwa nchi yako, soma kifungu chenyewe.

*Hataza yenyewe haifai.* Unaposhtakiwa unaweza kujibu kwamba hataza haikustahili kutolewa, kwa kuwa jambo lilijulikana tayari au lilikuwa wazi kwa mtaalamu. Mfano unaotajwa na kila mtu ni Novartis dhidi ya India: tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliinyima hataza dawa ya saratani Glivec kwa umbo jipya la fuwele la imatinib. Usikimbilie kuinukuu kama hukumu inayokulinda. Kifungu cha 3(d) kilichoiangusha ni cha sheria ya hataza ya India. Chenye thamani kwako ni machapisho ya zamani yaliyowekwa mezani katika kesi kama hizo. Hayo yanavuka mipaka.

Hatua ya 7: Jibu kwa maandishi, kifupi

Barua ya kwanza isizidi ukurasa mmoja na itoke kwa wakili. Mfano wa kiini chake:

"Tumepokea barua yenu ya tarehe fulani. Mteja wetu hakubali madai yaliyomo. Tafadhali tupatieni ndani ya siku 14: nakala iliyothibitishwa ya hataza na ya rejista, ushahidi wa malipo ya ada, madai mnayosema yamevunjwa, na matokeo ya uchambuzi wa dawa mnaoutegemea. Haki zote za mteja wetu zinabaki palepale."

Basi. Usieleze utetezi wako wote. Unawapa nafasi ya kuziba mashimo. Na kama jedwali lako la Hatua ya 5 linaonesha umo ndani, kila boksi unalouza baada ya barua linaongeza fidia na kukufanya uonekane uliyejua. Hapo simamisha mauzo kimyakimya, bila kusaini kitu, huku mazungumzo yakiendelea.

Hatua ya 8: Ukishtakiwa, vita ya kwanza ni ya zuio

Kenya, kesi ya hataza huenda Baraza la Mali ya Viwandani, na rufaa Mahakama Kuu. Tanzania, ni Mahakama Kuu. Siku zinahesabiwa tangu ulipopokea hati. Kwa Tanzania utetezi wa maandishi kwa kawaida ni ndani ya siku 21. Usingoje siku ya 20.

Mdai karibu kila mara ataomba zuio la muda, yaani amri ya kukusimamisha kuuza mpaka kesi iamuliwe. Kenya wanapima kwa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, Tanzania kwa kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, na vipimo vinafanana: kuna kesi ya maana? Kuna madhara ambayo fedha haiwezi kuyafidia? Nani ataumia zaidi? Kesi kuu inaweza kuchukua miaka, kwa hiyo anayeshinda zuio mara nyingi ameshika biashara. Weka nguvu yako hapa.

Andaa kiapo chenye tarakimu zako halisi: bei yako na bei yao, hospitali zinazokutegemea, mikataba ya KEMSA (Kenya) au MSD (Tanzania), bohari za dawa za serikali, kama ipo, mzigo ulioko njiani. Onesha kwamba hasara yao inahesabika kwa fedha, na kwamba wewe uko tayari kutunza hesabu ya kila kidonge kinachouzwa. Mwisho, omba kwamba zuio likitolewa, mdai aahidi kukufidia akishindwa kesi. Wengi husahau kuliomba hilo.

Hatua ya 9: Kama mnapatana

Omba muda wa kumaliza mzigo uliopo, kwa kawaida hadi tarehe ya bechi ya mwisho. Kataa kipengele kinachokuzuia kuhoji hataza milele. Hakikisha makubaliano yanataja namba ya hataza na nchi, si "dawa zote za aina hii".

Mambo yakikwama

*Namba haionekani popote.* Jaribu bila nafasi na bila mkwaju (/), au tafuta kwa jina la mmiliki wa zamani. Isipoonekana bado, ombi rasmi la utafutaji kwa ofisi husika litakupa jibu la maandishi, na hilo lenyewe ni ushahidi.

*Mzigo umezuiwa bandarini.* Mwambie wakala wa forodha akupe sababu kwa maandishi na kifungu cha sheria. Kama kimeandikwa cha bidhaa bandia, rudi Hatua ya 2. Hesabu gharama za kuhifadhi kila siku, utazidai.

*Msambazaji wa India hapokei simu.* Angalia mkataba: kuna kifungu cha kukukinga na madai ya hataza? Mwandikie notisi hata kama hajibu. Kama hakuna kifungu, sasa unajua cha kudai kwenye oda ijayo.

*Nina duka la rejareja tu, niliuza paketi kumi.* Mara nyingi wanakutafuta wewe ili kumfikia aliyekuuzia. Usimtaje kwa simu. Mpelekee wakili ankara zako, na umjulishe msambazaji wako kwa maandishi siku hiyo hiyo.

*Tumeshinda zabuni, barua imekuja kabla ya kupeleka mzigo.* Iarifu taasisi ya ununuzi mapema, ukiambatanisha nakala ya rejista. Ukinyamaza na zuio likaja katikati, dhamana yako ya utekelezaji ndiyo itakayoguswa kwanza.